Kusahihisha Kazi: Daftari la Safari, Dodoma hadi Kericho

Dodoma

Mzee aliyenipokea Area C alistaafu utumishi wa umma zamani, na jambo la kwanza alilotaka niliandike ni taarifa za siri. Enzi zake mkuu wa idara alijaza fomu kila mwaka juu ya kila mtumishi: bidii yake, tabia yake, kama anafaa kupandishwa cheo. Fomu ikafungwa kwenye bahasha ikapelekwa juu. Aliyeandikwa haoni kitu. "Unamwamkia bosi wako asubuhi, saa nne mnakunywa chai pamoja, kumbe ameshakumaliza kwenye karatasi," aliniambia. Yeye alikaa cheo kimoja miaka mingi huku wenzake wakipanda, na mpaka leo hajui kama alikuwa na kosa au alichukiwa tu. Cheo chenyewe alishakisamehe. Linalomkera ni kwamba kama kosa lilikuwepo, angelirekebisha mwaka ule ule.

Mwaka 2004 serikali ya Tanzania iliachana na siri hizo, ikaleta OPRAS, ambayo watumishi wengi wanaijua pia kama MWAMTUKA, yaani Mfumo wa Wazi wa Mapitio na Tathmini ya Utendaji Kazi. Ukiusoma, ulikuwa mfumo wa heshima. Julai, mwaka wa fedha unapoanza, mtumishi na msimamizi wake walikaa na kukubaliana malengo. Desemba walikaa tena kuangalia walipofika. Juni kila mmoja alitoa alama yake, 1 ikiwa ya juu kabisa na 5 ya chini, wakajadiliana, wakafika kwenye alama moja na wote wawili wakatia saini. Hakukuwa tena na bahasha. Ukikosolewa, unakosolewa ukiwa umekaa kwenye kiti chako, una kalamu mkononi.

Niliokaa nao Dodoma walinieleza jinsi mambo yalivyokwenda baada ya hapo, na maelezo yao yalifanana mno kutoka ofisi hii hadi ile. Desemba ilipita hivi hivi. Juni fomu zilijazwa kwa haraka, malengo ya Julai yakiandikwa baada ya kazi kwisha. Karibu kila mtu alipata 2, kwa sababu 1 ilidai maelezo na 3 ilileta ugomvi. Mkuu wa kitengo kimoja, mama wa makamo anayezungumza polepole, alilisema bila kuzunguka: "Ukimpa mtu tatu, kesho mnakutana msibani, na mkewe hakusalimii." Nimemwelewa. Mji huu umejaa watu waliohamishiwa hapa kwa barua. Jirani ndiye ndugu, mfanyakazi mwenzako ndiye anayekuchangia harusi ya mwanao na ndiye atakayebeba jeneza la kwenu. Wanaosema wasimamizi wetu ni waoga wangefikiri kidogo juu ya hilo. Alama ya mwisho wa mwaka inahukumu mtu mzima kwa tarakimu moja, na mtu mzima huyo mnaishi naye.

Lakini mama huyo huyo nilimkuta asubuhi iliyofuata akifanya jambo ambalo fomu haina nafasi yake. Afisa kijana alikuwa ameleta dokezo. Mama hakumrudishia lenye alama nyekundu. Alivuta kiti kingine kando ya kiti chake, si ng'ambo ya meza, akaliweka dokezo katikati, akasoma aya ya pili kwa sauti. Kisha akauliza, "Katibu Mkuu akifika hapa, atajua tunaomba nini?" Kijana akasoma tena kimya kimya. Akasema ombi liko ukurasa wa pili, chini. "Basi lipandishe. Na hii historia ya mradi?" Kijana akasema inaweza kuwa kiambatisho. Yote yalikwisha kabla birika halijachemka. Aliporudi na dokezo jipya, mama alilisoma, akasaini, akamwambia kwamba aya ya kwanza sasa inatosha kumfanya mtu mwenye haraka aamue. Hakusema "hongera" tu. Alimwonyesha kilichofanya kazi.

Nilimuuliza kama mazungumzo ya namna hiyo huingia kwenye tathmini. Akashangaa swali. Siku hizi fomu za karatasi zimepisha PEPMIS, mfumo wa kidijiti, na kompyuta inamkumbusha kila mtu tarehe zake. Hiyo ni hatua. Kuvuta kiti bado ni kazi ya mama.

Kigali

Kwa basi kupitia Rusumo, kisha milima inaanza. Rwanda nilitaka kuona imihigo, ahadi za kazi za kila mwaka, kwa sababu hapo jambo limegeuzwa kabisa: kinachopimwa kinapimwa mbele za watu. Tangu 2006 mameya wa wilaya husaini ahadi zao za mwaka mbele ya Rais, nyingi zikiwa za kuhesabika: hekta za matuta, kaya zitakazopata umeme, madarasa. Mwaka ukiisha zinakaguliwa, na kwa miaka mingi wilaya zote 30 zilipangwa hadharani kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho. Ahadi zinashuka mpaka sekta, mpaka kijiji, mpaka kaya.

Ninachokipenda hapa sitakificha. Mkubwa naye ana karatasi yenye jina lake. Mtumishi wa chini anayesukumwa kuhusu matuta anajua kuwa meya wake anasukumwa vile vile, na kwamba ahadi zinajulikana na wote tangu mwanzo. Ukitoka Dodoma na alama zake za 2, hewa ya Kigali inaonekana safi.

Afisa mmoja wa ngazi ya sekta, aliyekulia Goma na Kiswahili chake kina ladha ya huko, alinionyesha upande mwingine. Hesabu ikichelewa, alisema, simu inapigwa, hesabu inaulizwa, simu inakatwa. Wiki inayofuata ni hivyo tena. Anajua vizuri kabisa kwamba yuko nyuma. Hakuhitaji kuambiwa. Alihitaji mtu apande naye kilima aone kwamba udongo wa upande ule unateleza kila mvua ikinyesha, na matuta yanayoanzishwa kabla nyasi za kushika kingo hazijapandwa yatabomoka. Msimamizi mmoja alikuja akapanda. Walibadilisha mpangilio wa kazi wakiwa pale pale juu, na tangu hapo afisa yule humpigia yeye kwanza, hata habari zikiwa mbaya, hasa zikiwa mbaya. Hao wengine huwapa hesabu wanayotaka kuisikia.

Mombasa

Hapa nilikaa zaidi ya nilivyopanga, na kurasa zangu nyingi ni za chumba kimoja.

Mnada wa chai wa Mombasa unapokea chai ya Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, Tanzania, Kongo, Malawi na kwingineko, na tangu 1992 bei zake ni za dola ya Marekani. Kabla chai haijafika mnadani inapita mdomoni mwa waonjaji. Madalali wanaouza kwa niaba ya viwanda wanaionja kila shehena, wanaikadiria bei, kisha wanakiandikia kiwanda walichokikuta. Mameneja wengi wa viwanda vya milimani hawajawahi kukaa na waonjaji hawa kwa siku nzima, lakini maandishi yao wanayasoma kwa moyo mkononi. Hapa mtu anakosoa kazi ya watu walio mamia ya kilomita mbali, kila wiki, mwaka mzima, na wanaendelea kumpa kazi.

Chumba ni cheupe, madirisha makubwa, mwanga wa mchana bila jua kupiga moja kwa moja. Meza ndefu inaenda ukuta hadi ukuta. Juu yake kuna safu ya vikombe vya kauri, na nyuma ya kila kikombe kuna kibati chenye chai kavu ile ile. Kipimo cha kimataifa, ISO 3103, kinataka gramu 2 za chai kwa kila mililita 100 za maji yaliyochemka, dakika 6, na mizani midogo pale mezani haitanii. Muda ukitimia chai inamiminwa bakulini, majani yaliyolowa yanageuziwa juu ya mfuniko ili nayo yatazamwe. Kila sampuli inapata kipimo kile kile, maji yale yale, dakika zile zile. Kiwanda kikubwa au kidogo, cha rafiki au cha mgeni, mezani ni namba.

Mwonjaji mkuu, mtu wa Old Town mwenye ndevu nyeupe, anapita na kijiko. Anavuta chai kwa mdomo kwa sauti kama anayefyonza maji kwa mrija, inazunguka ulimi, anaitema kwenye chombo chenye magurudumu anachokisukuma kwa goti. Karani nyuma yake anaandika. "Imechacha mno." Hatua mbili. "Hii ya moto wa kasi, imeungua ukingoni." Hatua moja. Anasimama, anarudi, anaonja tena. "Moshi. Kidogo, lakini upo. Waangalie mabomba ya mashine ya kukaushia, kuna pahala panavuja." Akipita tone la maziwa linafuata nyuma yake: chai iliyotengenezwa vizuri inageuka rangi ya dhahabu, iliyofifia inakuwa kijivu, na hata mimi nisiyejua kitu niliona tofauti kwa macho yangu.

Nilimuuliza kama aliwahi kuandikia kiwanda kwamba watu wake ni wazembe. "Uzembe siuonji, mwanangu," alijibu. "Naonja kama majani yalinyauka sawasawa, kama yalichacha kwa kiasi, kama moto ulipanda. Nikiandika 'wazembe', meneja atafanya nini nayo? Atapiga watu kelele. Nikiandika 'moshi', atamwita fundi." Na aliposema hivyo nilimkumbuka yule afisa wa Rwanda aliyeambiwa hesabu tu. Alichokosa ni neno moja kama "moshi", lenye anwani ya mahali pa kwenda kutazama.

Jingine nililoliona baada ya kukaa muda. Chai nzuri nayo haipiti kimya. Kiwanda kimoja kilikuwa kimepandisha ung'avu wa rangi kuliko wiki zilizotangulia, na mzee akamwambia karani aandike hivyo, kisha aongeze swali: wamebadilisha nini kwenye kuchachusha? Sifa ikaondoka na swali ndani yake. Nilifikiri juu ya mameneja wote niliowahi kuwasikia wakisema "kazi nzuri" wakitoka mlangoni. Mtu anayeulizwa alifanyaje analazimika kujua alifanyaje, na kesho anaweza kurudia.

Mzee ana wanafunzi, vijana wanaotumia miaka kabla ya kuaminiwa na meza peke yao. Utaratibu wake nao ni wa kuandikwa. Kijana anaonja kwanza. Anasema kwanza. Mzee anaonja akiwa ameshasikia, na wakitofautiana haanzi na hukumu. "Rudi namba nane. Sasa namba tisa. Sasa tena nane." Kijana akaenda na kurudi, akasimama, uso ukabadilika. "Nane ni bichi." "Kwa nini?" "Haikunyaushwa vya kutosha." Mzee akaendelea na safu. Kijana huyo, ambaye dakika moja kabla alikuwa amekosea mbele ya mgeni, hakuonekana kama mtu aliyeaibishwa. Vikombe viwili vilimsahihisha, na yeye mwenyewe ndiye aliyetamka sahihisho. Nimewaona viongozi wenye shahada za uongozi ambao hawajawahi kumwacha mdogo wao aseme kwanza, kwa sababu wakishasema wao hakuna mwingine atakayesema.

Upungufu wa meza hii mzee mwenyewe aliutaja. Chai iliyo mbele yake ilichumwa wiki kadhaa nyuma. Imekaushwa, imepakiwa, imeteremka mlima, imeingia ghalani, imeorodheshwa. Kiwanda kitakapolisoma neno "moshi", bomba linalovuja limeshaharibu shehena nyingine. Ndiyo maana, alisema, viwanda makini havimngoji. Vina meza zao ndogo huko huko. Nikamwomba anitajie eneo la kwenda kuona, naye akasema Kericho.

Kericho

Asubuhi kwenye kituo cha kununulia majani, ukungu bado uko chini. Wakulima wamepanga foleni na vikapu vyao. Viwanda vinavyosimamiwa na KTDA, shirika la chai la Kenya, ni mali ya wakulima wadogo wenyewe, kwa hiyo karani mwenye mizani ni mwajiriwa wa watu anaowapimia. Hiyo ilinivuta: huyu anamkosoa mwajiri wake kila siku.

Kipimo ni majani mawili na chipukizi. Mama mmoja alimwaga kikapu chake kwenye meza ya ukaguzi. "Chamgei, mama," karani akamsalimu. "Mising," akajibiwa. Karani akatandaza majani kwa viganja, akachomoa shina gumu lenye jani la nne, akamwekea mama kiganjani. Hakusema. Akachomoa lingine, na lingine. Mama akayakunja, yakavunjika kwa sauti badala ya kupinda. Akacheka kidogo kwa aibu, akasema mtoto wake ndiye aliyechuma upande ule. Karani akasema shamba la upande ule limekaa muda mrefu bila kuchumwa, majani yamekomaa, aanzie huko wiki ijayo. Mama akakaa pembeni akachambua mabaya, yaliyobaki yakapimwa. Watu nyuma kwenye foleni waliona kila kitu, lakini walichokiona ni shina gumu. Wengine walianza kuchambua vikapu vyao wakiwa wamesimama.

Viwandani nilipata picha mbili, na ya kwanza sitasema ni wapi. Barua ya dalali kutoka Mombasa ilikuwa imebandikwa ubaoni karibu na lango, mstari mmoja umepigiwa wino mwekundu, na chini yake namba ya zamu iliyohusika. Kila anayeingia kazini anaipita. Niliuliza ilisaidia nini. Mfanyakazi mmoja, baada ya kutazama nyuma yake, alisema zamu zilijifunza jambo moja haraka: chai ikiharibika kidogo, ichanganywe na nyingi nzuri, isijulikane ni ya nani. Kosa linaloweza kuonekana kwenye kikombe kimoja sasa limetawanyika kwenye vikombe vyote, na hata mzee wa Mombasa hatajua aandike nini. Meneja wa pale anaamini kwamba anatoa mrejesho. Kwa kweli amewafundisha watu wake kumficha.

Kiwanda cha pili nilikaa usiku. Msimu wa majani mengi mashine hazilali, harufu ya chai mbichi inashika nguo. Meza ya kuonjea ipo kwenye chumba kidogo kando ya sehemu ya kukaushia, na vikombe vimepangwa kwa saa: chai iliyotoka kwenye mashine saa mbili, saa tatu, saa nne, saa tano. Meneja, mtu mrefu mwenye koti jeupe, aliwaita supavaiza wa zamu na opareta wa mashine ya kukaushia. Opareta alikuwa na vumbi la chai mpaka kwenye kope. Meneja akampa kijiko yeye kwanza.

Opareta akaonja ya saa mbili, akaitikia kwa kichwa. Ya saa tatu, akatulia. Ya saa nne akaitema haraka. "Hii ilipikwa, haikukaushwa," alisema. Joto lilikuwa limeshuka, majani yakakaa na unyevu wake kwenye mvuke badala ya kukauka upesi. Ya saa tano ilikuwa na kinyume chake, ukali wa kuungua. Meneja hakuuliza nani alikuwa zamu, maana aliyekuwa zamu alikuwa amesimama mbele yake na kijiko. Aliuliza, "Kati ya saa tatu na saa tano ni nini kilitokea kwenye boila?"

Supavaiza akamwangalia opareta. Opareta akaangalia vikombe. Nadhani hapo ndipo pazito pa kazi yote hii, na nimeliona pengo hilo kwenye ofisi nyingi: sekunde chache ambazo mdogo anapima kama ukweli utamgharimu. Barua ubaoni, simu ya hesabu, fomu ya Juni, vyote vinakwisha kabla ya sekunde hizo kufika. Meneja alingoja. Hakujaza kimya kile kwa maneno yake.

"Kuni, bosi," opareta akasema. "Zile za lori la mwisho ni mbichi. Mvuke unashuka. Tukiongeza kuni, moto unapanda kwa ghafla, ndiyo inaungua."

Kuni za boila hukatwa, hupasuliwa na kurundikwa zikauke kwa miezi kabla ya kuchomwa. Zikiingia mbichi, moto unapoteza nguvu zake kukausha maji ya ndani ya ukuni. Na anayeidhinisha manunuzi ya kuni pale ni meneja. Nilimtazama. Alichukua kijiko, akaonja saa nne na saa tano tena, pole pole, kama mtu anayetaka kuhakikisha. Kisha akakivuta kitabu cha zamu, kile ambacho kila tatizo linaandikwa pamoja na jina la anayelishughulikia. Kwenye tatizo aliandika: kuni mbichi, mvuke haushiki. Kwenye jina la mhusika aliandika: Meneja. Akamwambia supavaiza kwamba usiku huo wachome rundo la zamani peke yake, na lile jipya lisiguswe, na chai ya saa nne na saa tano itengwe, isichanganywe.

Safu ya mwisho ya kitabu ni ya tarehe ya kukamilisha. Alikuwa ameiacha wazi. Opareta, ambaye sasa alikuwa amejifuta uso kwa mkono wa shati, aliinama juu ya kitabu.

"Tarehe ngapi, bosi?"

"Ijumaa," meneja akasema, akaiandika. Kisha akawauliza wote wawili: kabla lori lijalo halijashushwa, nani kati yao atasimama langoni kukagua kuni, na akiona ni mbichi, ana ruhusa ya kulirudisha bila kumpigia simu? Wakaanza kubishana nani anazijua kuni zaidi.